Habari za Habu ya Baiskeli

Msomaji mpenzi, ukipita asubuhi katika mitaa ya Eastlands mjini Nairobi, iwe Kaloleni, Makadara au Umoja, hukosi kumwona fundi wa baiskeli kando ya njia. Baiskeli imepinduliwa, magurudumu yakitazama juu. Fundi hulisukuma gurudumu kwa kidole, kisha hunyamaza na kutega sikio. Hasikilizi mpira wala spoki. Asikilizacho kimo katikati ya gurudumu, mahali ambapo wapita njia hawapatazami. Hicho ni kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu. Nataka tuitazame pamoja historia ya kitu hicho kidogo, na tujiulize swali moja: je, kitu kilichofanywa kiwe chepesi chaweza kudumu?

Kwanza tujue umbo lake. Ekseli ni fimbo ya chuma iliyofungwa katika fremu, wala haizunguki. Habu ndiyo izungukayo juu yake, na kati ya hivyo viwili hukaa gololi za chuma kigumu. Katika habu nyingi za namna ya zamani, gurudumu la nyuma lina gololi 9 kila upande, na la mbele lina gololi 10 zilizo ndogo zaidi. Gololi hubiringika kati ya kikombe kilichoshindiliwa ndani ya habu na koni iliyokazwa juu ya ekseli. Zikipata grisi safi, na koni ikikazwa kwa kiasi, hubeba mtu na mzigo wake kwa miaka mingi. Zikikosa grisi, huanza kulana.

Elimu hii ni ya tangu zamani. Mwaka 1869 yalifanyika mashindano ya baiskeli kutoka Paris hadi Rouen, mwendo wa kilomita 123 hivi. Mshindi, Mwingereza James Moore, alipanda baiskeli iliyotiwa gololi za Mfaransa Jules Suriray. Tangu hapo watengenezaji walitambua kwamba nguvu za mguu zaweza kupotea bure ndani ya kitovu kibovu.

Sasa turudi Nairobi. Mtaa wa Kariokor ulipata jina lake kutokana na kile kikosi cha wapagazi cha vita vya 1914 hadi 1918, watu waliobeba vyakula na silaha kwa vichwa na migongo yao. Miaka iliyofuata, Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na mitaa mingine ilijengwa upande wa mashariki kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, nao wengi walikuwa na kazi mbali na nyumba zao, mjini au katika viwanda vilivyo ng'ambo ya reli. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Waafrika wengi wa Nairobi walipoyasusia mabasi, thamani ya gurudumu zima haikuhitaji kuelezwa. Baiskeli ilikuwa imepokea sehemu ya mzigo uliokuwa juu ya kichwa cha mpagazi.

Baiskeli iliyojulikana sana ilikuwa ile nyeusi, nzito, ambayo Wakenya waliipa jina la Black Mamba. Mwanzo ilitoka Uingereza, na baadaye ikaja pia kutoka India na China. Habu zake zilikuwa za chuma, na nyingi zilikuwa na kitundu cha kutilia mafuta. Ilibeba masanduku ya mikate, mitungi ya maji na magunia ya makaa. Watu wakazoea kuamini kwamba uzito na uimara ni ndugu wawili wasioachana.

Imani hiyo ilitiwa majaribuni na baiskeli ya milimani. Nayo, msomaji, asili yake imefungamana na habu. Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, California, walichukua baiskeli kuukuu na kuteremka nazo mlimani kwa kasi. Breki ya baiskeli hizo ilikuwa ndani ya habu ya nyuma. Katika mteremko habu ilipata moto hata grisi ikageuka moshi, na kila baada ya mbio ilibidi ifunguliwe na kupakwa grisi upya. Mashindano yao, yaliyoanza mwaka 1976, yaliitwa Repack, maana yake kupaka upya. Mwaka 1981 baiskeli za milimani zilianza kuuzwa kwa wingi zikitoka kiwandani, na mwaka 1996 mbio zake ziliingizwa katika Michezo ya Olimpiki kule Atlanta.

Ili baiskeli iwe nyepesi, habu ilitengenezwa kwa alumini, madini ambayo uzito wake ni kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma kwa ukubwa ule ule. Lakini tazama vizuri: alumini ilichukua nafasi ya ganda la nje tu. Katika habu zilizo njema, gololi, koni, vikombe na ekseli vilibaki kuwa vya chuma. Wepesi ulitafutwa mahali pasipo na msuguano, na ugumu ukaachwa mahali penye msuguano. Hiyo ndiyo siri ya kwanza ya habu nyepesi zilizodumu.

Siri ya pili ni mahali pa kuwekea gololi. Zamani friwili, yaani kile kifaa cha meno kinachovutwa na cheni, ilikazwa kama parafujo ubavuni mwa habu. Kadiri meno yalivyoongezwa, gololi za upande wa kulia zilibaki ndani, mbali na ncha ya ekseli, na sehemu ndefu ya ekseli ikakosa mhimili. Mpanda baiskeli alipoangukia shimo, ekseli ilipinda au kukatika. Mwaka 1978 kampuni ya Shimano ya Japani ilileta habu ambayo kazi ya friwili iliunganishwa na habu yenyewe, na gololi za kulia zikasogezwa karibu na ncha. Habu haikuongezewa unene, ila mzigo uliwekwa penye mhimili.

Baada ya biashara ya bidhaa za kigeni kulegezwa nchini Kenya katika miaka ya 1990, baiskeli za milimani zilizokwisha tumika ng'ambo ziliuzwa Nairobi pamoja na mitumba mingine. Hapo ndipo habu zile zilipopata mtihani ambao wabunifu wake hawakuufikiria. Udongo wa Eastlands ni ule mweusi unaonata, na mvua za masika huugeuza tope. Tope likipenya ndani ya habu, huchanganyika na grisi na kusaga gololi kama jiwe la kinu.

Hata hivyo, nyingi zimeushinda mtihani huo, kwa sababu habu ya gololi na koni hufunguka. Fundi mwenye spana mbili nyembamba, kitambaa, mafuta ya taa na kopo la grisi aweza kuifungua, kuiosha, kutia gololi mpya na kuifunga. Rimu ikipinda na spoki zikikatika, habu ile ile hufungwa katika rimu nyingine ikaendelea na safari. Zipo habu nyingine nyepesi, zilizotengenezwa kwa ajili ya mbio tu, ambazo vifaa vyake hutoka kwa mtengenezaji mmoja. Hizo zaweza kuwa bora siku ya kununuliwa, lakini zikiharibika mahali ambapo kifaa hicho hakipatikani, ubora wake umekwisha.

Lakini hata habu njema ina mpaka wake. Koni ikiliwa, hubadilishwa. Kikombe kilichomo ndani kikiliwa, aghalabu habu yote imekufa. Tofauti kati ya hasara hizo mbili huwa ni majuma machache ya uzembe. Kwa mchuuzi wa mikate, koni ni gharama ndogo, bali habu nzima yaweza kumeza mapato ya siku kadhaa. Wahenga walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi, msomaji, jibu la swali letu ni hili. Kitu chepesi chaweza kudumu, endapo aliyekibuni alijua mzigo utaangukia wapi, na aliye nacho anakubali kukitunza. Leo jioni shika gurudumu la baiskeli ya nyumbani kwenu, ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, koni imelegea. Lizungushe, utege sikio kama afanyavyo fundi. Ukisikia mkwaruzo, usingoje kesho. Ipeleke baiskeli kwa fundi wakati dawa yake ingali ni grisi na gololi chache.