Simba wa Vuga na Bunduki za Nyika

Nilikulia Handeni. Kila tulipovuka Mto Pangani kwenda Korogwe, bibi yangu, Mzigua, alinyoosha kidole milimani: "Kule ndiko alikokaa Simba." Alimaanisha Kimweri ya Nyumbai, mfalme wa ukoo wa Wakilindi, aliyetawala kutoka Vuga hadi alipofariki mwaka 1862.

Yeye alikuwa na uganga wa mvua, ushuru na watu wake mpaka karibu na pwani. Sisi Wazigua hatukuwa hata na mfalme mmoja. Wazigua hawakupanda milima kumkabili. Waliteremka Saadani na Pangani kufanya biashara, wakapata bunduki mapema kuliko yeye, na huku tambarare neno lake likapungua uzito. Walilipa kwa pembe za ndovu na, inaniuma kuandika, kwa watu. Sitalificha hilo ili babu zangu waonekane werevu.

Semboja, mwana wa Kimweri, aliielewa nyika: alikaa Mazinde, kwenye njia ya misafara.

Bibi alipenda kuongeza kwamba Mbegha, mwindaji aliyeanzisha ukoo wa Wakilindi, alitoka Nguu, upande wetu. "Simba ni mtoto wetu," alisema, akafunga kanga yake tukaingia sokoni.