Probox ikikataa kushika, historia inajua kwa nini

Wasee, kama umewahi kusafiri kutoka Kisii kwenda Nyamira, Keroka au Ogembo, unajua mfalme wa barabara ni nani. Ni Probox. Watu mbele, watu nyuma, watu kwa buti, na mkungu wa ndizi juu ya mapaja ya mtu.

Sasa asubuhi moja mfalme anakataa kushika. Dere anapoteza tripu ya kwanza, na mwenye gari bado anataka hesabu yake jioni. Fundi anakuja, anaangalia, anasema, "Leta pampu." Pampu inanunuliwa, gari bado. "Basi ni koili." Koili zinanunuliwa, gari bado. Shida ikipatikana, doo ya wiki nzima imeisha, na pengine ilikuwa tu kichwa cha betri kimelegea.

Maoni yangu ni haya: mafundi tuko nao wengi. Kilichopotea ni mpangilio wa kuuliza maswali. Na huo mpangilio umeandikwa ndani ya historia ya gari yenyewe.

Tangu Mjerumani Nikolaus Otto aunde injini yake ya mipigo minne mwaka wa 1876, injini ya petroli inataka vitu vilevile: mafuta, hewa, cheche na kompresheni, kila kimoja kwa wakati wake. Kilichobadilika ni njia ya kuvileta.

Zamani gari ilizungushwa kwa mkono, kwa chuma mbele ya injini. Charles Kettering, Mmarekani, ndiye aliyetupatia stata ya umeme, ikaingia kwa Cadillac ya 1912. Kuanzia hapo, swali la kwanza la fundi ni moja: je, injini inazunguka? Ukipiga stata usikie "tik" halafu kimya, usiguse mafuta wala plagi. Hiyo ni kesi ya umeme. Angalia betri, vichwa vyake, waya ya ardhi, kisha stata yenyewe. Kama taa zinafifia ukipiga, anza na betri. Dakika tano, bila kununua kitu.

Halafu ikaja enzi ya Peugeot. 404 ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. Katikati hapo, 1965, Joginder Singh, mtoto wa Kericho, majirani wetu, alishinda na Volvo akiwa na ndugu yake Jaswant. Na huyo jamaa alikuwa makanika kabla ya kuwa bingwa. Mwaka wa 1973 Mzee Kenyatta akaruhusu matatu zifanye kazi bila leseni maalum, na watu wa kawaida wakapata usafiri wao.

Magari ya wakati huo yalikuwa na kabureta na distributa. Ukifungua, unaona kila kitu. Na huku kwetu mvua haina likizo, na asubuhi za Nyamira kwenye majani chai ni baridi kweli. Unyevu ukiingia kwa kifuniko cha distributa, cheche inapotea. Fundi alifungua, akapangusa na kitambaa kikavu, gari ikashika. Choki ikivutwa kupita kiasi, plagi zinalowa na unanusa petroli. Unazitoa, unazikausha, unajaribu tena.

Fundi wa enzi hiyo alitumia pua, sikio na macho. Na kabla ya kushika spana aliuliza: "Inasumbua ikiwa baridi ama ikishapata moto? Ilianza lini?" Maswali ya daktari.

Mwaka wa 1986 Rais Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Zikatoka tano za majaribio, Nyayo Pioneer, na zilifika kilomita 120 kwa saa. Likaundwa shirika la kuzitengeneza kwa wingi. Pesa zikakosekana, na hakuna mtu aliyewahi kuinunua dukani. Miaka ya tisini mlango wa magari yaliyotumika Japani ukafunguka. Tukawa nchi ya kutengeneza magari yaliyoundwa na wengine. Sawa, lakini basi tuitengeneze hiyo kazi kwa akili.

Toyota walitoa Probox mwaka wa 2002. Ile ya petroli tunayoijua hapa haina kabureta, haina distributa, haina choki. Kila silinda ina koili yake, na kompyuta ndiyo inapima mafuta. Hapo ndipo tukachanganyikiwa. Tulidhani mashine ya kusoma kodi imechukua nafasi ya maswali.

Haijachukua. Mashine ikisema P0301, inasema silinda ya kwanza inamisi. Basi. Haijasema koili. Inaweza kuwa plagi, koili, injekta au kompresheni. Kwa hivyo hamisha koili ya silinda ya kwanza uiweke ya pili, futa kodi, endesha gari. Ikirudi P0302, shida imehama na koili, nunua koili. Ikibaki P0301, weka pesa mfukoni, uhamishe plagi sasa. Huo mtihani ni bure.

Kabla ya kununua pampu, angalia fyuzi na rilei, kisha mtu apime presha ya mafuta. Gari ikiwa sawa kwa tambarare lakini inamisi ikipanda mlima, shuku cheche dhaifu au mafuta yasiyotosha, kwa sababu mzigo ndio unaofichua udhaifu. Na kama shida ilianza ukitoka kujaza, shuku mafuta yenyewe. Mchezo wa kuchanganya mafuta taa ulikuwa mkubwa hadi serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka wa 2018 ili kuuzima.

Mpangilio ni ule ule wa babu zetu: inazunguka? Kuna cheche? Mafuta yanafika? Hewa na kompresheni ziko sawa? Kodi inakusaidia kujua uanzie wapi, lakini haikujibii.

Mimi nilitoka chuo bila cheti, kwa hivyo usinitarajie nimdharau mtu aliyejifunzia kazi chini ya gari. Lakini hata elimu ya chini ya gari ina mtihani wake, na mtihani ni neno moja. Fundi akikwambia "leta pampu", muulize kwa heshima: "Umepimaje, fundi?" Fundi mzuri atafurahi kukuonyesha. Yule mwingine ataanza kutafuta spana yake.