Chupa Moja, Sheria Mbili: Historia ya Pombe Kali Huku Kwetu

Kwenye mikutano ya kambi, mambo ya pombe yakiguswa tu, tunaishia palepale: "Vijana wa siku hizi wameharibika." Sisi wa kujitolea tumelisikia hilo neno mpaka tumechoka. Leo turudi nyuma kidogo tuone hii pombe ilipitia wapi na ilimuumiza nani.

Zamani, kuanzia Kivu mpaka Ankole, pombe ya ndizi ilikuwepo. Wengine wanaiita kasiksi, wengine tonto. Ilikuwa nyepesi, na ikikaa siku chache inachacha. Wazee ndio waliisimamia, kwenye mahari na kwenye sherehe. Kijana hakujimiminia tu.

Pombe kali ndiyo ilileta sheria za kikoloni. Mwaka 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba kule Brussels wa kuzuia pombe kali isiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara letu, na pengine kuitoza ushuru. Lakini mkataba uleule uliacha mlango wazi kwa Wazungu waliokaa huku waletewe ya kwao. Yaani chupa ni moja, ila sheria inaangalia ngozi ya anayeishika.

Wamama nao walibanwa. Nairobi, miaka ya 1920, halmashauri ya mji ilijipa haki ya kuuza pombe ya kienyeji peke yake, kwenye baa yake kule Pumwani. Mama aliyepika nyumbani kwake alikamatwa, na halmashauri ikapata pesa kwa pombe ya aina ileile.

Uganda nayo ina waragi. Jina linatokana na araki ya Kiarabu, na watu huwataja Wanubi, wale askari kutoka Sudan walioletwa na Lugard mwaka 1891, kuwa ndio waliokuja na ujuzi wa kuitengeneza. Baada ya uhuru wa 1962, serikali ilitunga sheria ya enguli: mpishi awe na leseni na auze kwa kiwanda. Kiwanda kikaisafisha, kikaitia kwenye chupa nzuri. Asiyekuwa na leseni akabaki kupika kwa kujificha.

Na huko kujificha ndiko kunakoua, kwa sababu hakuna anayepima kilichomo. Mwaka 2010 kule Kabale makumi ya watu walikufa kwa waragi yenye methanoli. Hiyo methanoli mwili unaigeuza kuwa sumu, inapofusha macho na inaua.

Halafu vikaja viroba, vile vipakiti vya bei ya mfuko wa mwanafunzi. Tanzania ilivipiga marufuku Machi 2017, Uganda ikafuata 2019. Hapo walau sheria haikuchagua rangi ya mtu. Ililenga kile kipakiti ambacho mtoto anaweza kukificha kwenye soksi.

Sasa tuangalie kambi zetu. Yuko mama anayepika kanyanga ili apate sabuni na pesa ya shule, na posho ikipunguzwa anapika zaidi. Yuko kijana asiye na kazi, ndiye mteja wake. Yuko mama mjamzito, na anachokunywa kinapita mpaka kwa mtoto tumboni. Yuko na mtu aliyebeba vita kichwani, anakunywa ili alale, kumbe usingizi wake unazidi kuharibika. Watu wanne, na kila mmoja ana sababu yake.

Msako mmoja hauwezi kuwajibu wote. Mapipa yanamwagwa, mama anabaki na deni, na wiki ijayo anapika tena, mbali zaidi, usiku. Mambo ni yale ya Pumwani.

Ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kubandika bango la "Acha pombe", kaeni na huyo mama mumuulize ni kazi gani ingemlipa sawa na pipa lake. Aliyepitia vita apate mtu wa kumsikiliza mapema, si baada ya kuanguka njiani. Na sisi vijana, mwenzetu akilewa tusimrekodi kwa simu tukacheka. Tumfikishe nyumbani, na kesho yake akiwa mzima tukamuulize kinachomsumbua.