Clarendon (fonti)

Clarendon ni fonti nene yenye serifu iliyotolewa mwaka 1845 mjini London, Uingereza, na kiwanda cha herufi za chapa cha Fann Street Foundry. Mwenye wazo alikuwa Robert Besley, mbia wa kiwanda hicho, na aliyezichonga herufi zake ni Benjamin Fox. Jina lake kwa kawaida huhusishwa na Clarendon Press ya Oxford.

Sifa

Serifu ni vijistari vinavyomalizia ncha za herufi. Katika Clarendon vijistari hivyo ni vinene, navyo huungana na mstari mkuu wa herufi kwa mpindo laini, si kwa pembe kali. Tofauti kati ya mistari minene na myembamba ni ya wastani. Herufi ndogo kama "a", "c", "f" na "r" huwa na ncha ya mviringo mfano wa tone.

Historia

Fonti nene zilikuwepo tangu mwanzo wa karne ya 19, lakini zilikusudiwa mabango na matangazo. Zikiwekwa ndani ya aya, zilionekana kama doa la wino. Kwa hiyo mpiga chapa aliyetaka kukazia neno alitumia zaidi herufi za mlazo au herufi kubwa. Clarendon ilitengenezwa ili ikae kwenye mstari mmoja na herufi za kawaida, ikiwa nzito kuliko jirani zake bila kuharibu mpangilio wa ukurasa.

Besley aliisajili fonti hiyo chini ya sheria ya Uingereza ya kulinda michoro, lakini ulinzi huo ulidumu miaka mitatu tu. Baada ya hapo viwanda vingine vilitoa Clarendon zao, na jina la fonti moja likawa jina la kundi zima la fonti zinazofanana nayo. Besley mwenyewe baadaye alikuwa Meya wa Jiji la London (1869-1870).

Matumizi

Matumizi muhimu zaidi yalikuwa katika kamusi. Msomaji wa kamusi hasomi ukurasa wote, bali hutafuta neno moja. Kidahizo kikiwa cheusi zaidi kuliko maelezo yake, jicho hukiona mara moja. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilichapa vidahizo vyake kwa Clarendon. Utaratibu wa kuandika vidahizo kwa herufi nene umeenea katika kamusi za lugha nyingi, zikiwemo za Kiswahili.

Nchini Marekani, Clarendon zilizochongwa kwenye mbao zilitumika sana katika mabango ya karne ya 19. Mwaka 1953 Hermann Eidenbenz aliichora upya kwa ajili ya kiwanda cha Haas cha Uswisi. Aina za Clarendon zilitumika pia kwa miaka mingi katika vibao vya barabarani vya hifadhi za taifa za Marekani.