Nyanchwa na Wana Wake: Historia Fupi ya Misheni ya Wasabato katika Nchi ya Abagusii

Katika nchi ya Nyamira, tangu Sironga hata Kebirigo na vilima vilivyo mbele yake, Jumamosi si siku kama nyingine. Katika mashamba mengi majani ya chai hubaki bila kuchumwa, majembe hupumzika, na njia ambazo jana zilijaa watu waliochukua ndizi na mboga kwenda sokoni hujaa leo watu waliovaa mavazi safi, wameshika Biblia na kitabu cha Nyimbo za Kristo, wanakwenda kwenye Shule ya Sabato. Mgeni aonaye utulivu huo hudhani ni desturi ya kale iliyorithiwa kwa mababu wa mababu, ilhali umri wake ni miaka mia moja na ziada kidogo tu, na mlango wake mkuu wa kuingilia katika nchi hii ulikuwa mmoja: misheni ya Nyanchwa, juu ya kilima kilicho kando ya mji wa Kisii. Habari za misheni hiyo ndizo nitakazozieleza hapa, kwa heshima ya wale walioitumikia na kwa faida ya vijana, khasa wasichana wasomao Sironga na wenzao wa shule nyingine, ambao wameikuta nyumba imekwisha ezekwa na hawakupata kumwona mjenzi.

Kanisa la Waadventista Wasabato liliundwa rasmi mwaka 1863 huko Battle Creek, katika jimbo la Michigan, Marekani, na watu waliotengwa na Wakristo wenzao kwa itikadi mbili: kwamba siku ya saba, iliyotakaswa tangu kuumbwa ulimwengu, haikubatilishwa na mtu yeyote mwenye amri ya kuibatilisha, na kwamba marejeo ya Masihi yako karibu. Imani ya namna hiyo haikai nyumbani. Iliwasili Afrika ya Mashariki mwaka 1903, Wajerumani wawili, Ehlers na Enns, walipoanza kazi katika milima ya Upare. Na mwezi wa Novemba 1906 Arthur Carscallen, kijana wa Kanada aliyepata elimu yake ya dini Uingereza, akapanda kilima cha Gendia, karibu na ghuba ya Kendu, ziwani. Hakupanda peke yake. Pamoja naye alikuwa Peter Nyambo, mwenyeji wa Nyasa, Mwafrika aliyesoma Ulaya kabla ya wengi wetu kuwa na habari kwamba Ulaya iko. Katika simulizi nyingi jina la Nyambo hutajwa mara moja kisha likaachwa, nami naona hilo ni dhuluma. Maana wa kwanza kuonyesha kwa macho ya watu kwamba Injili hii si mali ya rangi moja alikuwa yeye, na mwaka 1914 mtu huyo huyo alikuwa London, akipeleka mbele ya mfalme wa Uingereza malalamiko ya Waafrika wenzake.

Gendia ilizaa. Ubatizo wa kwanza ulifanyika mwaka 1911, mtambo wa kupigia chapa ukafuata, na macho ya wamisionari yakageuka kuelekea milimani, kwa Abagusii.

Lakini Abagusii wa siku hizo hawakuwa na sababu ya kumkaribisha mtu mweupe kwa mikono miwili. Mwaka 1905 askari wa serikali ya Waingereza walikuwa wamepita katika nchi yao kwa bunduki. Mwaka 1907 serikali ikajenga boma lake. Na mwezi wa Januari 1908 Otenyo, aliyehimizwa na mama shujaa Moraa, akamchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Northcote alipona, na nchi ikalipishwa kwa moto na damu, nyumba zikachomwa na mifugo ikachukuliwa. Katika majivu hayo ambayo hayajapoa ndimo misheni zilimoingia: Wakatoliki wa Mill Hill wakajenga Nyabururu mwaka 1911, na kitambo kifupi baadaye, kabla ya Vita Kuu ya kwanza, Waadventista wakaanza Nyanchwa chini ya mmisionari Evanson. Mwenye kuisoma historia hii bila ya kukumbuka mwaka 1908 hataelewa kwa nini wanafunzi wa kwanza walikuwa wachache, wala kwa nini mzazi aliyempeleka mtoto wake kusoma alitazamwa na jirani zake kama aliyempeleka mateka.

Kisha ikaja Septemba 1914. Jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka kutoka kusini likauingia mji wa Kisii, na tarehe 12 ya mwezi huo likapigana na majeshi ya Waingereza hapo hapo milimani. Kwa siku hizo chache watu waliona jambo ambalo hawakulidhania, nalo ni kwamba wazungu wanauana wenyewe kwa wenyewe na kwamba boma limeachwa tupu. Wengi waliamini kwamba dola ya wageni imekwisha. Mahubiri ya dini ya Mumbo, yaliyoenea kutoka ziwani tangu mwaka uliotangulia, yalikuwa yametabiri hivyo. Boma likaporwa, maduka yakaporwa, na misheni zote mbili, Nyabururu na Nyanchwa, zikaporwa. Serikali iliporudi ilitoa adhabu kali, na ng'ombe wengi wakachukuliwa. Sipendi kuwahukumu walioshika vitu vya misheni siku ile. Walikuwa watu walioumizwa, wakadhani saa ya fidia imefika. Lakini ni kweli pia kwamba kazi ya Nyanchwa ilirudishwa chini kabisa, na ingalikuwa halali machoni pa watu kama isingalirudiwa tena.

Ikarudiwa. Hapa ndipo penye kiini cha historia yetu, maana kuanza jambo kwa shangwe kunahitaji moyo wa siku moja, ilhali kulianza mara ya pili, mahali pale pale palipoporwa, kati ya watu wale wale walioshiriki kupora, kunahitaji ikhlasi ya namna nyingine. Baada ya vita misheni ilifunguliwa upya, na watoto wakaketi tena kujifunza herufi. Vitabu vya awali vilikuwa vya Kijaluo, kwa kuwa kazi ilikuwa imepitia Gendia na walimu kadhaa walitoka huko, hata Mgusii wa kwanza kujua kusoma aghalabu alijifunza katika lugha ya jirani yake. Agano Jipya lote kwa Ekegusii halikutoka mpaka mwaka 1948, na Biblia nzima ilingoja hata 1988. Miaka hiyo ya kungoja haikuwa mitupu, kwa sababu watu waliijaza kwa vinywa vyao: aliyesoma alisoma kwa sauti, na asiyejua kusoma alihifadhi kwa moyo.

Wenye kuieneza kazi hiyo hata Nyamira na Sironga hawakuwa wamisionari, ambao hawakupata kuwa wengi. Walikuwa walimu wa vijijini, vijana waliosoma Nyanchwa au katika chuo cha Kamagambo, ambao walitumwa kwa miguu kufungua shule ya udongo na nyasi, ambayo siku tano ilikuwa darasa na siku ya saba ikawa kanisa. Mshahara ulikuwa haba, mashamba yao yaliwangoja nyumbani, na wengine wao waliona wenzao wa rika wakienda kutafuta fedha katika mashamba ya chai ya Kericho. Walibaki. Nyanchwa ilikuwa na majengo, lakini watu hao ndio waliokuwa misheni yenyewe.

Na walichokifundisha kilikuwa kigumu. Sabato si neno la kukiri kwa kinywa mara moja likaisha. Ni ahadi ambayo mtu hudaiwa kila juma. Ijumaa kabla ya jua kuzama kuni ziwe zimekatwa, maji yawe yametekwa, unga wa wimbi uwe umesagwa, mboga za chinsaga na managu ziwe zimechumwa na kupikwa. Kazi nyingi ya maandalio hayo ilibebwa na wanawake, na sioni kama imepata kusifiwa kwa kadiri yake. Kahawa ilipokuja miaka ya 1930, kisha pareto na chai, ahadi ilizidi kuwa na gharama, kwa kuwa jani la chai halijui Sabato, na soko la Jumamosi lina fedha kama la siku nyingine. Mkulima mwenye vishina vichache, mwenye karo ya kulipa, aliyeacha kuchuma siku hiyo kwa ajili ya dhamiri yake, alitoa sadaka ambayo haikuandikwa katika daftari la fungu la kumi.

Historia yenye adabu haina budi pia kusema yaliyouma. Kanisa lilimtaka mwanamume awe na mke mmoja kabla ya ubatizo, na katika nyumba zenye wake kadhaa sharti hilo lilitimizwa mara nyingine kwa machozi ya mama ambaye hakutenda kosa lolote. Baadhi ya wazazi nao walilalamika kwamba misheni inafundisha dini zaidi ya elimu, wakadai Kiingereza na madarasa ya juu, na madai yao yalikuwa ya haki. Katika jambo la kuwatahiri wasichana, mahubiri yalikwenda mbele na mila ikabaki nyuma ya mlango, hata katika nyumba za waumini. Sheria ya mwaka 2011 ililikataza, lakini vita hiyo bado haijaisha katika Gusii, na kanisa halina ruhusa ya kuchoka.

Pamoja na hayo, mti ulitoa matunda. Hospitali ya Kendu, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilitibu watu wa ziwani na wa milimani bila kuwabagua. Nyanchwa yenyewe ilipata shule na chuo cha walimu, na mwaka 1980 kanisa lilifungua chuo kikuu Baraton, katika nchi ya Wanandi, ambako watoto wengi wa Gusii wamesoma. Nyamira ilipotengwa na Kisii na kuwa wilaya mwaka 1989, makanisa ya Sabato yalikuwa yamekwisha enea katika kila tarafa, jirani na ya Wakatoliki, ya Walutheri walioanza Itierio mwaka 1948, na ya Wapentekoste.

Ahadi ile ya kila juma ilipata kufikishwa hata mahakamani. Wanafunzi Waadventista katika shule za serikali walikuwa wakilazimishwa kuhudhuria masomo na mitihani siku ya Jumamosi, na kanisa likashtaki. Mahakama Kuu iliyakataa madai hayo; kanisa likakata rufaa, na mwezi wa Machi 2017 Mahakama ya Rufani mjini Nairobi ikaamua kwamba wanafunzi hao wana haki ya kupewa nafasi ya kuitunza siku yao. Naona uamuzi huo ni wa haki, na ni faida kwa kila mwenye dini, awe wa Sabato, wa Jumapili au wa Ijumaa.

Linalobaki ni deni la majina. Carscallen na Evanson wameandikwa. Walimu waliotembea kutoka Nyanchwa hadi Nyamira, na mama waliowapikia na kuwalaza, wengi hawakuandikwa, na waliowajua wanazidi kupungua kila mwaka. Basi ninawasihi wasomaji walio Sironga na pande zote za Gusii: aliye na cheti cha ubatizo cha babu yake, barua ya misheni, picha ya makambi ya kanisa ya zamani, au kumbukumbu tu ya jina na kijiji, aipeleke kwa mzee wa kanisa lake, iandikwe na kutiwa sahihi na tarehe. Na walimu wa historia wawatume wanafunzi wao kwa wazee mwaka huu, wala wasingoje mwaka ujao.