Kolajeni ya mnyama ikichomwa mwilini, mwili hufanya nini?

Mama aliyeshonwa baada ya kujifungua mara nyingi huambiwa nyuzi zitayeyuka zenyewe. Aina moja ya uzi huo, iliyotumika hospitalini kwa miaka mingi, hutengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Kilichomo huitwa kolajeni. Wasikilizaji wetu wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, mnaifahamu jikoni: ndiyo inayofanya supu ya kongoro igande ikipoa.

Kolajeni ni protini inayoshikilia ngozi, mifupa na kano. Ya ng'ombe inafanana sana na yetu, hivyo madaktari walianza kuichoma chini ya ngozi ili kujaza makovu yaliyobonyea na makunyanzi. Marekani iliidhinisha sindano hiyo mwaka 1981.

Mwili huipokeaje?

Siku za kwanza sehemu iliyochomwa huweza kuvimba kidogo. Kisha seli za mwili huingia ndani yake. Seli za kinga huimega, vimeng'enya huikatakata, na mabaki huondolewa taratibu, kama ule uzi wa mshono. Kwa kawaida, baada ya miezi 3 hadi 6 kilichojazwa huwa kimepungua sana na kovu huonekana tena.

Kwa nini wengine hudhurika?

Kufanana si kuwa sawa. Kwa takriban watu 3 katika kila 100, kinga ya mwili huitambua kolajeni ya ng'ombe kuwa kitu kigeni. Pale palipochomwa huwa pekundu, pagumu na huwasha, pengine kwa miezi. Ndiyo maana daktari huchoma kwanza kiasi kidogo mkononi na kungoja wiki 4. Pakivimba, haendelei.

Tukumbuke nini?

Anayekuchoma sindano ya urembo saluni siku hiyo hiyo, bila jaribio na bila kukuonyesha kilichomo, anakuhatarisha. Sindano ya kujaza ngozi ikiingia kwenye mshipa wa damu, inaweza kuozesha ngozi au kupofusha jicho. Dawa na vifaa tiba nchini husimamiwa na TMDA; uliza kama kilichomo kimesajiliwa. Na kama umeshachomwa ukaona uvimbe unaozidi, usaha au macho kufifia, usisubiri. Wahi kituo cha afya, ukaeleze ulichochomwa na lini.