Kutanuka kwa Mshipa Mkuu wa Damu Uzeeni: Umuhimu wa Kupima na Kufuatilia

Aota ni mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, ukipita kifuani na kushuka hadi tumboni. Kwa mtu mzima, sehemu ya tumboni huwa na kipenyo cha takriban sentimita 2. Kinapofikia sentimita 3, mshipa huhesabiwa kuwa umetanuka.

Walio katika hatari

Tatizo hili huwapata zaidi wazee, hususan wanaume waliowahi kuvuta sigara, wenye shinikizo la juu la damu na wale ambao mzazi au ndugu wa damu amewahi kulipata. Mara nyingi halina dalili, na wengi hugundulika wanapopimwa maradhi mengine. Mshipa ukipasuka, damu huvuja kwa wingi ndani ya mwili na kifo huweza kutokea kwa muda mfupi.

Ufuatiliaji

Kugundulika hakumaanishi kufanyiwa upasuaji papo hapo. Mshipa wa tumboni hufuatiliwa kwa ultrasaundi, kipimo kisicho na maumivu wala mionzi. Nchini Uingereza, ambako wanaume hualikwa kupimwa wanapofikisha miaka 65, mwenye sentimita 3 hadi 4.4 hupimwa kila mwaka, na mwenye 4.5 hadi 5.4 kila baada ya miezi 3. Kwa kawaida upasuaji hufikiriwa kipenyo kinapofikia sentimita 5.5, au mapema zaidi kinapoongezeka kwa kasi. Kwa kuwa kasi hiyo huonekana kwa kulinganisha vipimo, mgonjwa anapaswa kutunza majibu yote na kwenda nayo kila anapohudhuria kliniki.

Maisha ya kila siku

Mgonjwa anashauriwa kuacha sigara, kutumia dawa za shinikizo la damu bila kukatisha, kutembea mara kwa mara na kuepuka kunyanyua mizigo mizito. Aidha, asinunue antibiotiki kiholela. Mwaka 2018, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuwa dawa za kundi la siprofloksasini zinaweza kuongeza hatari ya mshipa huo kupasuka.

Dalili za hatari

Maumivu makali ya ghafla ya tumbo, mgongo au kifua, yakiambatana na jasho jingi, kizunguzungu au kuzirai, ni dharura. Mgonjwa afikishwe hospitali mara moja, na ndugu wawaeleze wahudumu kuwa ana mshipa uliotanuka.